Kutafuta na kupanga nyumba kwenye mji mdogo: nianzie wapi, nikague nini, nisaini nini?

Mhamaji_Mpya

Wakuu, salaam.

Nahamishiwa kikazi kwenye mji mdogo wa watu elfu tatu na ushee. Tuko wanne, wawili ni watoto. Tunatafuta nyumba ya vyumba vitatu ya kukaa mwaka mmoja hadi miwili. Mtandaoni nimeambulia matangazo mawili tu: moja halina picha, jingine mwenyewe anataka nimtumie pesa ya "kuishikilia" kabla sijaiona. Madalali wenye ofisi hakuna. Kila ninayempigia anasema "njoo tu, hutakosa".

Naomba mwongozo kwenye haya:

1. Mahali pasipo na matangazo, nyumba hupatikanaje?
2. Nikionyeshwa nyumba nikague nini, hasa hizi zenye kisima na shimo lake la majitaka?
3. Mzee mmoja mwenye nyumba ameshanidokeza kwamba wao hawana mambo ya mikataba, wanaaminiana. Nimjibuje bila kumkwaza?

Karibuni.

---

Funguo3

Matangazo hayapo kwa sababu hayahitajiki. Mji wa watu elfu tatu una kaya zisizofika elfu moja, na nyumba za kupanga zilizo wazi kwa wakati mmoja unaweza kuzihesabu kwa vidole. Mwenye nyumba akitaja tu dukani kwamba mpangaji wake anaondoka, wiki haiishi ameshapata mwingine. Kwa hiyo habari ikufikie wakati mpangaji wa sasa bado anafunga mizigo.

Anza na mwajiri wako. Mtu unayepokea nafasi yake alikuwa akiishi wapi? Anahama lini? Nyumba yake imeshaahidiwa mtu? Watu huisahau njia hii, na ndiyo fupi kuliko zote. Baada ya hapo nenda kwa wanaoingia majumbani mwa watu kwa kazi zao: fundi bomba, fundi umeme, msoma mita, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mafundi wana faida ya ziada, wanajua nyumba ipi ina paa bovu na mwenye nyumba yupi halipi matengenezo. Ofisi ya shule na zahanati nazo hupokea wageni kila mwaka, zinajua walikofikia.

Usiseme tu "natafuta nyumba". Andika ujumbe mmoja ambao mtu anaweza kumtumia mwenzake bila kuuhariri, mfano: "Natafuta nyumba ya vyumba vitatu kuanzia tarehe 1 mwezi ujao. Familia ya watu wanne, hatufugi. Mkataba wa mwaka mmoja, kodi kila mwezi kupitia benki. Mwajiri anaweza kuthibitisha. Simu..." Ujumbe wa hivyo unajibu maswali manne ambayo mwenye nyumba angeuliza kabla hajakupigia.

Kuna kundi jingine ambalo halitangazwi kabisa: nyumba zilizofungwa. Ukizunguka mji kwa miguu utaziona. Majani yamepanda hadi dirishani, ila paa halijabonyea na waya wa umeme bado umeunganishwa. Nyingi ni za watu wanaoishi mbali au za urithi. Muulize jirani wa karibu namba ya mwenyewe. Mara nyingi hawajapangisha kwa kuogopa kuharibiwa nyumba, hivyo mtu mwenye barua ya kazi na mdhamini anasikilizwa haraka. Ukikubali kufanya ukarabati mdogo kwa kupunguziwa kodi, iandikwe kazi ipi, nani ananunua vifaa, na miezi mingapi inapunguzwa. Bila hivyo utapaka rangi nyumba nzima halafu usikie ulikuwa unajipendezea mwenyewe.

Kama mji una msimu wa watalii, wanafunzi au wafanyakazi wa vibarua, uliza mapema: nyumba hii ni ya mwaka mzima? Wenye nyumba wengine hupangisha miezi ile biashara imepoa, msimu ukianza wanataka uwapishe kwa sababu wageni wa siku chache wanalipa zaidi. Hawadanganyi, wanadhani unajua.

Jambo la mwisho. Usiwashindanishe wenye nyumba watatu kwa bei. Kwenye mji mkubwa hiyo ni akili. Hapa utakuta wawili ni ndugu na wa tatu anasali nao, na jioni hiyo hiyo wameshalinganisha ulichomwambia kila mmoja.

Na usisaini ukiwa huko mbali. Chukua chumba cha muda wa wiki mbili hadi nne, familia ifuate baadaye.

---

Fundi_Karo

Funguo3 kamaliza suala la kutafuta. Mimi naongelea nyumba yenyewe.

Nenda mara mbili: mchana penye mwanga, kisha kati ya saa moja jioni na saa tatu usiku, watu wote wakiwa wanapika na kuoga. Ikiwezekana mara moja iwe baada ya mvua kubwa. Beba ndoo ya lita 10, tochi, bisibisi, chaja ya simu, chupa safi ya kioo na rangi ya chakula kidogo.

Maji. Fungua bomba la jikoni mpaka mwisho, kinga ndoo, angalia saa. Ikijaa kwa dakika moja, hayo ni maji ya kutosha watu wanne. Ikizidi dakika mbili, mmoja akifua mwingine haogi. Kisha fungua mabomba mawili pamoja uone kama moja linakufa. Presha ikianza kwa nguvu halafu ikanyong'onyea, pengine unapokea maji ya tangi la juu linaloisha. Uliza ujazo wake. Tangi la lita 1,000 kwa watu wanne wanaotumia lita 80 kila mmoja kwa siku ni siku tatu basi, na siku ya nne unabeba madumu kama maji ya mji yamekatika.

Funga mabomba yote, piga picha mita ya maji, subiri nusu saa. Namba ikisogea, kuna bomba linavuja baada ya mita, na bili hiyo itakuja kwa jina lako. Kwenye tangi la kuflashia choo tia matone ya rangi ya chakula, usiflashi kwa dakika 15. Rangi ikitokea kwenye bakuli, valvu haifungi. Ni kifaa kidogo, ila choo cha namna hiyo hupoteza maji usiku kucha bila sauti.

Kisima. Pima kwa hatua kutoka kisima hadi shimo la choo lililo karibu, likiwemo la jirani, maana maji ya ardhini hayajui uzio. Meta 30 ndicho kiwango kinachotumiwa sana, na kisima kikae upande wa juu wa mteremko. Mdomo uwe umeinuliwa kwa zege na kufunikwa. Kisima kilicho sawa na ardhi hupokea kila kinachosukumwa na mvua. Jaza chupa ya kioo, iache usiku kucha. Mchanga chini maana yake pampu inavuta karibu na kitako au ukuta wa kisima unaporomoka. Maji yanayotoka meupe kisha yakageuka ya kutu yana chuma: si hatari kubwa, ila sahau mashuka meupe.

Chupa haionyeshi vijidudu. Omba kipimo cha maabara cha bakteria na nitrati. Kuchemsha mpaka yatokote kwa dakika moja kunaua vijidudu, lakini nitrati, chumvi na floridi hubaki pale pale, na zinaongezeka ukali kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Kiwango cha mwisho cha nitrati cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ukiwa na mtoto mchanga anayekunywa maziwa ya kopo, hiki kipimo hakina mjadala.

Majitaka. Muulize mwenye nyumba: shimo liko wapi, na lilinyonywa lini mara ya mwisho? Tangi la familia kwa kawaida huhitaji kunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5. Asiyejua lilipo hajawahi kulifungua. Mimina ndoo mbili kwenye shimo la bafuni huku mwenzako anaflashi vyoo. Ukisikia maji yanakoroma kwenye sakafu ya bafu, ama tangi limejaa ama bomba la kupumulia limeziba. Sinki moja likichelewa kumeza, pameziba hapo hapo tu. Vyote vikichelewa, tatizo liko bomba kuu au kwenye tangi. Zunguka nje pia: majani mabichi kupita kiasi sehemu moja, ardhi tepetepe wakati hakuna mvua, basi maji yanapanda juu. Na angalia kama gari la kunyonya linaweza kufika, mpira wake una mwisho. Nyumba nzuri iliyo nyuma ya nyumba nyingine tatu huenda haijanyonywa tangu ijengwe.

Unyevu. Kuna wa aina tatu na hautibiwi sawa. Unaopanda kutoka ardhini huishia kama meta moja juu ya sakafu, huacha mstari na unga mweupe wa chumvi. Duara la kahawia kwenye dari ni paa au bomba la juu. Ukungu mweusi kwenye pembe na nyuma ya makabati ni hewa isiyotoka. Huo mpangaji anaweza kuupunguza kwa kufungua madirisha. Hiyo miwili ya kwanza ni kazi ya mwenye nyumba, na rangi haiitibu. Ukuta uliopakwa rangi mpya hadi kiunoni tu, kuta nyingine zimeachwa, unakwambia kila kitu. Gonga kwa kifundo cha kidole: plasta iliyoachana na tofali hulia kama debe tupu. Choma fremu za milango kwa bisibisi, karibu na sakafu. Ikizama kama kwenye keki, ni mchwa au uozo.

Umeme. Kwenye boksi la swichi tafuta kile kizimio cha usalama chenye kitufe cha kujaribia. Kibonyeze: lazima kizime papo hapo. Kisipozima, hakitakuokoa mtu akishikwa na umeme. Zima swichi kuu, kisha toka nje uangalie kama taa za jirani nazo zimezimika. Ndivyo utakavyojua mita unayolipia ni ya nani na nani. Kama ni mita ya kulipia kabla, nunua umeme kidogo uone kama unakatwa deni la aliyetangulia. Hita ya maji ya kilowati 5 kwenye volti 230 huvuta ampea kama 22. Iwe na waya wake na swichi yake, isichomekwe kwenye soketi ya ukutani. Soketi yenye alama ya kuungua au joto, omba ibadilishwe kabla ya kuingia.

Hita ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu bila bomba la kutolea moshi nje: ikataeni, au iondolewe. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na bafu lililofungwa hujaa haraka. Hapo sina lugha laini.

Mengine ni madogo. Jaribu mtandao wa simu kila chumba, mlango umefungwa, saa mbili usiku. Uliza taka zinapelekwa wapi. Pita barabara yake siku ya mvua.

---

Mhamaji_Mpya

Asante sana wakuu, ndoo ya lita 10 nishaiweka kwenye gari. Nasubiri suala la mkataba. Mume wangu anasema tumkubalie tu mzee tusionekane wajuaji.

---

Wino_na_Muhuri

Dada, mwambie mzee hivi: "Ni kweli tunaaminiana, na tuandike tukiwa bado tunaaminiana. Leo upo na mimi nipo. Kesho mmoja akiondoka, watakaobaki watajua tulikubaliana nini." Wazee wengi wameshuhudia ugomvi wa mirathi, wanalielewa hilo haraka. Kisha jitolee kuandika wewe kurasa mbili, umpelekee azisome na mwanawe kwa muda wake. Wengi hukataa mkataba kwa kuogopa gharama na lugha ya kisheria. Andika kwa lugha mnayoongea wote wawili.

Kabla ya hapo hakikisha anayepangisha ana haki ya kupangisha. Jina kwenye hati lilingane na kitambulisho, na ulizia kwenye ofisi ya ardhi kama hati hiyo ina zuio au rehani. Yanayoharibika hapa ni manne.

Hati ina jina la marehemu. Basi anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa kisheria, na uone barua ya uteuzi. Mtoto mkubwa si msimamizi kwa sababu tu ni mkubwa. Ukilipa kwa mmoja, mwezi wa tatu anakuja mwingine na madai yake, na wote wawili ni majirani zako.

Hati ina majina ya mume na mke: wasaini wote.

Nyumba imewekwa rehani: uliza kama benki imeridhia upangishaji. Mkopo ukiharibika nyumba ikauzwa, mnunuzi anaweza kukutaka utoke.

Ardhi haina hati rasmi: chukua barua ya uongozi wa eneo inayomtambua mmiliki na mipaka, na mashahidi wa jirani pande mbili.

Sasa mkataba. Majina, namba za vitambulisho, mahali nyumba ilipo, kodi, tarehe ya kulipa, muda: hayo hamna atakayeyasahau. Tumia nguvu kwenye yanayosahauliwa.

Mipaka ya unachopanga. Mji mdogo nyumba huwa na kiwanja, miti ya matunda, banda, kisima, geti la pamoja. Nani anachuma? Nani anafyeka? Mwenye nyumba anaruhusiwa kuja kuvuna au kufuga nyuma ya nyumba? Yakiachwa hewani, utaamka asubuhi ukute watu watatu uani kwako wakiangua matunda kwa amani kabisa, na wana haki kwa kadiri wanavyojua wao.

Matengenezo. Kanuni inayokubalika sehemu nyingi: paa, kuta, mabomba ndani ya ukuta, nyaya, pampu na shimo ni za mwenye nyumba, balbu, mipira ya bomba, sinki kuziba na ulichovunja ni vyako. Ongeza muda: ya dharura (maji hakuna, umeme unashtua, majitaka yanarudi) ashughulikie ndani ya saa 48, ya kawaida siku 14. Akishindwa baada ya kuarifiwa kwa maandishi, utengeneze na kukata kwenye kodi, hadi kiwango mlichoandika, kwa risiti. Kifungu hiki ni cha lazima kwa mji mdogo kwa sababu fundi huenda ni mmoja, na huyo mmoja huenda anamdai mwenye nyumba.

Kuingia kwake: taarifa saa 24 kabla, isipokuwa dharura. Anayekaa nyumba ya pili huwa haoni shida kupita "kuangalia tangi". Ukishaandika, huhitaji kumkumbusha kwa mdomo.

Uhamisho: kwa kuwa unahamishwa na mwajiri, weka kwamba ukihamishwa tena utatoka kwa notisi ya siku 60 bila faini, ukiambatisha barua.

Kupanda kodi: si zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa notisi ya miezi miwili au mitatu, na kiwango cha juu kiandikwe.

Kuuzwa nyumba: mkataba uendelee na mmiliki mpya mpaka muda uishe. Angalia sheria ya nchi yako hapa. Katika nchi nyingi mkataba unaozidi muda fulani haumfungi mtu wa tatu mpaka usajiliwe, na baadhi hudai ushuru wa stempu la sivyo mahakama haiupokei.

Amana: kodi ya mwezi mmoja ni ya kawaida, miwili ndio iwe mwisho. Andika kinachoweza kukatwa, na irudi siku ngapi baada ya kukabidhi funguo, 14 au 30. Tofautisha uchakavu na uharibifu kwa mifano. Rangi iliyofifia ni uchakavu, matundu ya misumari kumi na mbili ni uharibifu. Kitasa kilicholegea ni uchakavu, kilichovunjwa ni uharibifu. Usiifanye amana kuwa kodi ya mwezi wa mwisho bila makubaliano, utakuwa umemnyang'anya dhamana yake na wewe ukaingia kwenye deni.

Nakala mbili, sahihi fupi kila ukurasa, mashahidi wawili. Wasiwe wote shemeji zake.

---

Jirani_wa_Kona

Nampinga kidogo Wino kwenye urefu. Vifungu vyote hivyo ni sahihi, ila havitaenea kwenye zile kurasa mbili, na ukimpelekea mzee wa miaka sabini kurasa sita atampigia mpangaji mwingine. Kurasa mbili zisizidi. Ukilazimika kuchagua, usiache matengenezo, amana, notisi na mipaka ya uwanja. Kupanda kodi na kuuzwa nyumba zinaweza kuwa sentensi moja moja.

Ukiwahoji majirani usiulize kama mwenye nyumba ni mtu mzuri. Hakuna atakayemsema vibaya mtu anayeishi naye, tena kwa mgeni. Uliza yanayojibika: mpangaji wa mwisho alikaa muda gani, aliondoka kwa nini, maji yalikatika lini mara ya mwisho na yalirudi baada ya siku ngapi. Ukisikia wapangaji watatu kwa miaka miwili, rudi ukague tena shimo la Fundi_Karo.

Lile tangazo la "kushikilia" liache. Nyumba kutolipiwa kabla haijaonekana ni kanuni isiyovunjwa, hata mwenyewe akisema yuko nje ya nchi na funguo atazituma. Zitafute picha zake mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe. Zikitokea kwenye tangazo la mji mwingine, au la nyumba inayouzwa, umepata jibu.

---

Mhamaji_Mpya

Wakuu, mrejesho. Nyumba imepatikana kupitia fundi umeme, kama mlivyosema. Vyumba vinne, kimoja kimefungwa, kuna vitu vya mwenyewe. Mwenye nyumba anaishi mbali, msimamizi ni mdogo wake aliye hapa mjini. Maji ni ya kisima kinachotumiwa na nyumba mbili, pampu iko upande wetu. Anasema nikilipa mwaka mzima kwa mkupuo ananipunguzia kodi ya mwezi mmoja. Kukagua nimekagua, shimo lilinyonywa mwaka jana na risiti nimeiona. Nifunge?

---

Wino_na_Muhuri

Bado, ila si mbali.

Mdogo mtu anahitaji mamlaka ya maandishi. Yaani hati ya uwakili (power of attorney) iliyothibitishwa mbele ya wakili au ofisa anayetambulika, ikitaja mambo matatu waziwazi: kusaini mkataba, kupokea kodi, kuidhinisha matengenezo. Wengi hupewa la kwanza tu, kisha bomba likipasuka anakwambia mpaka ampigie kaka. Mpigie mwenye nyumba simu ya video mbele ya mdogo wake, ashike kitambulisho, athibitishe kodi na akaunti ya kulipia. Akaunti iwe ya jina lililo kwenye mkataba. Mdogo akisema lipa kwangu nitampelekea, sawa tu kama ile hati ya uwakili inasema hivyo.

Malipo ya mwaka: punguzo la mwezi mmoja kati ya 12 ni kama asilimia 8. Unachotoa ni kitu pekee kinachomfanya mtu apokee simu yako pampu ikiungua mwezi wa nne. Na wewe ni mtu wa uhamisho. Mpe pendekezo la katikati: miezi mitatu mitatu, apunguze kidogo. Ukiamua mwaka, iandikwe kwamba mkataba ukivunjika kwa sababu yoyote isiyo kosa lako, kodi ya miezi iliyobaki inarudi ndani ya siku 30.

Chumba kilichofungwa: unapanga vyumba vitatu, si vinne, na kodi ilingane. Andika kwamba vitu vya humo si jukumu lako, mlango upigwe lakiri au picha siku ya kuingia, na kukifungua ni kwa taarifa kama sehemu nyingine. Kabla hakijapigwa lakiri omba uone ndani mara moja. Si umbea: chumba kisichofunguliwa kina dari yake, na panya wake.

---

Fundi_Karo

Kwenye kisima cha nyumba mbili, ugomvi wote unaanzia kwenye umeme wa pampu. Ikiwa imeunganishwa kwenye mita yako, wewe ndiye unayemnywesha jirani. Suluhisho safi ni mita ndogo ya umeme kwenye waya wa pampu peke yake, na mita ya maji kwenye bomba la kila nyumba. Mwisho wa mwezi mnagawana gharama ya umeme kwa uwiano wa maji aliyotumia kila mmoja. Mkishindwa kufunga mita za maji, gawaneni kwa idadi ya watu, mwandike.

Kuharibika kwa pampu ni kwa mwenye nyumba, ila hakikisha ina kizimio cha kuizima maji yakishuka kisimani. Pampu inayozunguka bila maji huungua, na hapo ndipo utaambiwa "mliiacha imewaka". Waya wake, unapotoka kisimani hadi ukutani, uwe ndani ya bomba, sio ukining'inia uani penye watoto.

Jirani asaini ukurasa huo mmoja kama shahidi. Yeye ndiye atakayekuwa na maoni baadaye.

---

Funguo3

Siku ya makabidhiano, msipokee funguo mlangoni mkaagana. Ingia na msimamizi, nyumba ikiwa tupu, saa za mchana. Piga video moja isiyokatwa kuanzia getini, ukifungua kila mlango, kila kabati, kila bomba, ukiflashi choo na kuwasha kila taa. Taja tarehe kwa sauti mwanzoni. Kisha picha za karibu za kila kasoro, weka sarafu au kalamu kando yake ili ukubwa uonekane.

Namba za mita zote, ile ndogo ya pampu ikiwemo, ziandikwe kwenye karatasi ya orodha, nanyi mtie sahihi. Orodha iende chumba kwa chumba na hali iandikwe kwa maneno halisi: "dirisha la jikoni, kioo cha kushoto kina ufa wa sentimeta 10" na si "dirisha, wastani". Hesabu funguo, uliza nani mwingine ana nakala. Badilisha kitasa cha mlango wa nje kwa makubaliano, cha zamani kihifadhi ukirudishe siku ya kuondoka.

Tuma video na orodha kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo, kwa njia inayobaki na tarehe. Halafu jipe siku 7 za kuongeza kasoro ambazo hazionekani mpaka uishi humo: bomba linalodondosha usiku, soketi iliyokufa nyuma ya kitanda, mlango usiofunga mvua ikinyesha. Hizo siku 7 nazo ziwe kwenye mkataba kabla hujasaini.